Allidina Visram: mfanyabiashara aliyefika mbele ya reli

Alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12. Alipokufa mwaka 1916, butiki zake zilikuwa zimepanga mstari kutoka Mombasa mpaka Uganda, na biashara yake ilikuwa imekwisha kugusa Kongo. Maisha yake yanaonyesha namna gani mtu anaweza kutambua kazi yenye kukua kabla wengine hawajaiona. Yanaonyesha pia namna gani kazi iliyokua sana inaweza kuanguka kwa miaka michache.

Kila siku malori yanavuka mpaka wa Kasindi kuelekea Beni na Butembo. Yanaleta simenti, vitambaa, pikipiki, chumvi, mafuta na vitu vingine vingi vilivyoteremshwa bandarini Mombasa. Mengine yanarudi na kakao, kahawa na mbao. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua njia hiyo kwa moyo: Mombasa, Nairobi, Kampala, Kasese, Mpondwe, Kasindi. Wengi wamesomesha watoto wao kwa makuta ya njia hiyo.

Lakini kuko wakati ambapo njia hiyo haikuwa. Kutoka Mombasa mpaka Uganda watu walitembea kwa miguu karibu miezi mitatu, mzigo kichwani. Mmoja wa watu wa kwanza kuelewa kwamba mambo yale yatabadilika, na kupanga maisha yake yote juu ya badiliko hilo, alikuwa Allidina Visram. Uganda walimwita mfalme wa nchi asiye na taji. Leo shule moja kubwa ya Mombasa bado inabeba jina lake.

Kutoka Kera mpaka Bagamoyo

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, upande wa magharibi wa India. Kutch ni nchi kavu, mvua ni kidogo, na tangu zamani watu wake walizoea kupanda majahazi ya kwenda Zanzibar kutafuta maisha. Yeye alikuwa wa jamaa ya Makhoja Waismailia, ambao walikuwa na ndugu wengi kule pwani. Hakuja na mtaji. Hakuja na diploma. Alikuja sawa vile watoto wengi wa maskini wanavyotumwa mjini: kwenda kukaa kwa watu wa kwao na kujifunza kazi.

Kazi aliipata Bagamoyo, kwa Sewa Haji Paroo. Huyu alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pwani yote. Aliuza vitu kwa misafara, na pia aliwatafutia wapagazi. Wazungu waliotaka kuingia bara, Stanley akiwa mmoja wao, walipita mikononi mwake. Baadaye Sewa Haji alitoa makuta mengi kwa hospitali ya Dar es Salaam na kwa shule ya Bagamoyo.

Kwa kijana maskini, ile ilikuwa shule kuliko shule. Bagamoyo ya wakati ule ilikuwa mdomo wa njia ya misafara iliyofika Tabora, Ujiji, na kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Maniema. Kila aliyeingia bara alipita pale, na kila aliyetoka bara alitokea pale. Karani aliyekaa kimya nyuma ya meza ya Sewa Haji aliweza kujua bei ya pembe kule Ujiji, kitambaa gani kinapendwa Tabora, msafara gani umechelewa na sababu gani. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini habari alizosikia pale hazikupatikana mahali pengine.

Hapo kuko jambo la kwanza la kuangalia katika maisha yake. Bosi wake wa kwanza alikuwa katikati ya kazi iliyokuwa inapanuka. Kijana anayeanza chini katika nyumba inayokua anapandishwa haraka, juu ya sababu rahisi: kila siku kunafunguliwa nafasi ambayo hakuna mtu wa kuishika. Katika nyumba iliyosimama, hata mwenye akili anangojea paka mzee wa mbele yake aondoke.

Miaka ya 1870 Visram alianza kujitegemea. Alituma misafara yake mwenyewe na kufungua matawi, mengine pwani, mengine mbali bara, mpaka Tabora na Ujiji. Alipeleka vitambaa, chumvi na vyakula, akaleta pembe za ndovu, nta na asali.

Ukweli usemwe. Biashara ya pembe ya wakati ule haikuwa safi. Njia ileile iliyobeba pembe ilibeba pia watumwa, na wapagazi wengi walikufa njiani. Maniema na nchi za kando ya mto Lualaba zilichomwa na watu wa misafara. Wazee wa mashariki ya Kongo wanabeba kumbukumbu hiyo mpaka leo. Kila aliyetajirika Bagamoyo katika miaka ile alitajirika ndani ya mfumo huo, hata kama yeye mwenyewe alikaa dukani.

Bandari iliyoanza kuzeeka

Kufikia mwaka 1890 Visram alikuwa mtu wa karibu miaka 40, mwenye jina na mwenye mali. Wengi katika hali yake wangekaa. Bagamoyo ilikuwa bado inaingiza makuta. Lakini alama zilikuwa zimeanza kuonekana kwa mwenye kuangalia.

Wadachi walikuwa wameshika Tanganyika. Mwaka 1891 waliweka makao yao makubwa Dar es Salaam, kwa sababu bandari ya Bagamoyo ina maji mafupi na meli kubwa haziwezi kukaribia. Pembe nazo zilianza kuwa mbali: ndovu wa karibu walikwisha kuuawa, na kila mwaka misafara ililazimika kwenda mbele zaidi. Upande wa Kongo, watu wa Leopold waliwapiga wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili katika vita vya 1892 mpaka 1894, na pembe za Maniema zikageuzwa kuteremka mto Kongo kuelekea Atlantiki. Kisima kilichojaza Bagamoyo kilikuwa kinakauka.

Upande wa kaskazini Waingereza walikuwa na mpango mwingine. Mwaka 1896 walianza kutandika reli kutoka Mombasa kuelekea ziwa Victoria, umbali wa karibu kilomita 930. Wengi waliicheka. Kule London wabunge wengine waliona ni wazimu kupoteza makuta ya serikali kwa reli ambayo haina abiria wala mzigo. Na kweli, siku ile mzigo haukuwa.

Visram hakuhesabu hivyo. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka 30 katika misafara alijua hesabu moja ambayo wabunge hawakuijua. Mpagazi mmoja anabeba kilo 30 hivi. Tani moja inahitaji wapagazi zaidi ya 30, na wote wanakula kila siku kwa miezi. Kwa gharama hiyo, ni vitu vichache tu vinavyoweza kutoka bara na bado kuleta faida: pembe, na vingine vidogo vyenye bei kali. Ngozi, pamba, mbegu za mafuta na nafaka vinabaki shambani. Havikosi wanunuzi, miguu ya mtu ndiyo haiwezi kuvifikisha. Siku gari la moshi litakapofika, vitu vyote vile vitageuka kuwa bidhaa kwa mara moja.

Reli ilikosa mzigo kwa sababu haijafika. Kungojea mzigo uonekane kwanza ni kungojea mpaka wengine wote wameuona.

Vyakula vya wafanyakazi

Basi Visram alisogeza moyo wa biashara yake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 makao yake yalihamia Mombasa. Hakungojea reli imalizike. Aliona kwamba kazi ya kujenga yenyewe ni soko.

Waingereza walileta wafanyakazi karibu 32 000 kutoka India kwa ajili ya reli ile. Watu hao walikula mchele, dengu, unga wa ngano na samli, vitu ambavyo havikupatikana katika nyika ya Tsavo. Tena miaka ya 1898 na 1899 njaa kali ilipiga nchi ya ndani, baada ya ukame na baada ya ugonjwa kumaliza ng'ombe. Hata mwenye makuta mfukoni hakupata cha kununua. Visram alijua lugha ya wale wafanyakazi, alijua chakula chao, na alikuwa na watu wa kukileta kutoka pwani. Alifungua butiki kufuata reli. Kambi ilipohama, butiki ilihama nayo, na pale palipoonekana patakuwa mji, butiki moja ilibaki.

Kazi ile ilikuwa ya hatari na ya machozi. Wafanyakazi wa India karibu 2 500 walikufa kabla reli haijaisha, wengi kwa magonjwa. Simba wa Tsavo, waliokula watu mwaka 1898, walisimuliwa dunia nzima, lakini homa iliua wengi kuliko simba. Faida ya butiki za reli ilitoka ndani ya kambi hizo.

Mwaka 1899 reli ilifika mahali pa majimaji palipoitwa Nairobi. Hapakuwa mji. Desemba 1901 ilifika ukingo wa ziwa, pale ambapo leo ni Kisumu.

Lakini Visram hakuwa ameifuata reli tu. Alikuwa ameitangulia. Mwaka 1898, wakati vyuma vilikuwa bado mbali sana na ziwa, alikuwa amefungua butiki Kampala. Bidhaa zake zilifika kwa vichwa vya watu, kwa shida na kwa gharama. Kwa mtu wa nje ilionekana ni hasara. Yeye alikuwa ananunua kitu kingine: mahali pazuri, kujulikana na machifu, kuelewa watu wanataka nini. Siku gari la moshi lilipofika ziwani na wengine wakaanza kuja na sanduku zao, yeye alikuwa mwenyeji wa miaka mitatu.

Kutoka pembe kwenda pamba

Watu wengi wanaweza kufanya badiliko moja zuri katika maisha. Visram alifanya la pili, na la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilimtaka aache kitu alichokijua vizuri sana.

Mwaka 1900 Waingereza walipatana na machifu wa Buganda, na kodi ya nyumba ikawekwa: rupia tatu kwa mwaka. Mkulima wa kawaida hakuwa na rupia. Watu walikuwa bado wanatumia kauri kama makuta. Wengine walileta kodi kwa vitu: wanyama, pembe, hata siku za kazi. Serikali changa ilijikuta na vitu ambavyo haiwezi kulipia askari wake. Katika miaka ile ya mwanzo hakukuwa benki Uganda. Mwenye rupia, mwenye ghala na mwenye watu wa kupeleka mizigo pwani alikuwa Visram. Serikali ilipitisha makuta yake kwake, maofisa walipokea malipo kupitia matawi yake, na vile walivyokusanya aliweza kuvinunua. Aligeuka benki bila kuitwa benki.

Pale alijifunza jambo kubwa: wakulima maelfu kwa maelfu wanatafuta kitu cha kuuza ili wapate rupia ya kodi, na reli inatafuta mzigo wa kurudi nao Mombasa. Kitu kilichokosekana katikati kilikuwa zao.

Zao hilo likawa pamba. Mwaka 1903 kampuni ya watu wa misioni ya Kiingereza ilianza kuleta mbegu, na mbegu ziligawiwa kwa machifu. Visram aliingia mapema. Watu wake walinunua pamba vijijini, ikapelekwa kwa reli, na baadaye akajenga viwanda vya kutenganisha pamba na mbegu. Kabla ya vita vya 1914 pamba ilikuwa imepita vitu vingine vyote katika mauzo ya Uganda. Pembe, iliyomlea, ikawa kitu kidogo cha pembeni.

Hakubaki na pamba peke yake. Aliweka makuta katika mashine za mafuta ya ufuta na nazi, katika sabuni, mbao, mashamba, na vyombo vya kupita ziwani. Matawi yake yalisogea kaskazini kufuata mto Nile kuelekea Sudani, na magharibi kuelekea Kongo. Kila mara hesabu ilikuwa ileile: nini kinapita hapa leo, nini kitapita kesho, na nani atakihitaji.

Ni haki kusema pia kwamba hesabu hiyo haikuwa wazi kwa kila mtu. Mkulima Mwafrika alilima pamba, lakini mashine, mkopo na bei vilikaa mikononi mwa wengine. Wakoloni hawakupenda Waafrika wapewe deni la biashara, na bila deni hakuna mtu anayeweza kujaza butiki. Visram alikuwa mwepesi kuona, lakini pia mlango ulikuwa umefunguliwa kwake na umefungwa kwa wenyeji. Anayesoma maisha yake bila kukumbuka hilo anaweza kufikiri kwamba wale waliobaki nyuma walikuwa wavivu. Haikuwa vile.

Vijana wa nyuma ya meza

Watu walipoona matawi mengi namna ile walijiuliza: mtu mmoja anayasimamia namna gani? Jibu lilikuwa vijana. Visram aliwaleta kutoka Kutch na Gujarat, wengi wakiwa bado wadogo sawa vile yeye alivyokuwa. Aliwapa kazi, chumba na chakula. Aliyeonekana mwaminifu alipewa butiki mahali fulani mbali, na bidhaa kwa deni. Akiuza, analipa deni na kubaki na sehemu yake. Akilipa vizuri, anapewa mzigo mkubwa zaidi.

Kwa kijana, mwanzo ulikuwa mchungu. Butiki ya porini ilikuwa kibanda cha mabati, malaria, upweke, na lugha mpya ya kujifunza. Mshahara wa karani mjini ulikuwa raha zaidi. Lakini karani wa mjini alijua kazi moja, na miaka kumi baadaye alikuwa anajua kazi ileile. Kijana wa butiki ya mbali, ndani ya miaka michache, alikuwa amejifunza kununua, kuuza, kuandika hesabu, kupima pamba, kuongea na chifu na kusubirisha mwenye deni bila kugombana naye. Wengi wao walitoka wakaanzisha biashara zao wenyewe, na butiki za namna hiyo zilienea katika miji midogo ya Kenya na Uganda.

Jambo hili linagusa vijana wa Butembo na Beni kuliko hadithi ya utajiri wa Visram mwenyewe. Si kila mtu atakuwa bosi mkubwa. Lakini kila mtu anachagua wapi ataweka miaka yake mitano ya kwanza. Wale vijana hawakuwa na mtaji; walichagua tu kukaa mahali ambapo kazi inaongezeka kuliko watu wa kuifanya.

Visram alikumbukwa pia kwa mkono wazi. Alichangia shule na kanisa kuu la Namirembe kule Kampala, ingawa yeye alikuwa Mwislamu. Kuko wema ndani yake, na kuko pia akili ya mtu anayejua kwamba butiki haiwezi kuishi katika mji usiomtaka mwenyewe.

Safari ya Kongo na kuanguka kwa nyumba

Mwaka 1916 Visram alikuwa na miaka 65. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinawaka Tanganyika. Mtu wa umri wake angeweza kukaa Mombasa na kuacha vijana wakimbie. Yeye alikuwa bado safarini kutafuta njia mpya, na safari hiyo ilimpeleka Kongo. Huko alipata homa, na mwaka uleule akafa.

Mtoto wake Abdulrasul alishika nyumba, akajenga kule Mombasa shule ya kumkumbuka baba yake, ambayo ilifunguliwa mwaka 1923 na inaendelea mpaka leo kwa jina la Allidina Visram. Lakini biashara yenyewe haikudumu. Baada ya vita makuta ya Afrika Mashariki yalibadilishwa haraka, kutoka rupia kwenda florini, na kisha shilingi, na wenye madeni na wadai wote wakachanganyikiwa. Mwaka 1920 na 1921 bei ya pamba ilianguka duniani. Abdulrasul mwenyewe alikufa mwaka 1923. Nyumba iliyokuwa imeenea nchi tatu ilivunjika katika miaka ya 1920, na mali ikaingia mikononi mwa wengine.

Sababu si bei ya pamba peke yake. Wengine walipigwa na bei ileile na wakabaki. Nyumba ya Visram ilikuwa imejengwa juu ya deni la mtu kwa mtu: yeye anaamini kijana fulani, kijana anamwamini yeye, na hesabu kubwa iko kichwani mwa mzee. Alipokuwa hai, mfumo huo ulikuwa mwepesi kuliko benki yoyote. Alipokufa, hakuna aliyejua kwa hakika nani anastahili kuaminiwa na kwa kiasi gani. Kukua kulikuwa kumekwenda mbele ya kupanga.

Maswali ya njia ya leo

Mji wa Butembo nao ulizaliwa kwa namna ya karibu na hiyo. Miaka ya ukoloni, kampuni ya madini ya MGL ilikuwa na kambi za wafanyakazi katika eneo hilo, na penye wafanyakazi pakahitajika chakula. Baadaye wauza mboga wa Kinande walipeleka kabichi, vitunguu, viazi na maharagi mpaka Kisangani na Kinshasa. Kutoka mboga wengine walipanda kwenda kahawa, kutoka kahawa kwenda bidhaa za Dubai na China. Walioweza kupanda walikuwa wale waliouliza nini kitapita kesho.

Leo alama nyingine ziko barabarani. Mwezi wa Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi za barabara pale mpakani, ili Kasindi, Beni na Butembo ziunganishwe na lami. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kakao ya Beni iliingiza makuta ambayo wakulima hawajawahi kuyaona, maana mwishoni mwa 2024 bei yake duniani ilipita dola 10 000 kwa tani. Kisha mwaka 2025 ikashuka sana. Na juu ya hayo yote kuko vita, mauaji ya raia katika eneo la Beni tangu 2014, na barabara ya kusini ambayo imekatwa na wenye silaha. Hakuna anayepanga kazi yake hapa akijidanganya kwamba njia itakuwa wazi kila siku.

Ndani ya hali hiyo, kijana anayemaliza masomo Butembo ana uchaguzi mgumu. Wengi wanangojea nafasi katika ofisi za Leta au katika ma-ONG, hata pale ambapo fedha za ma-ONG zinapungua. Wengine wanakimbilia kitu chochote ambacho mwaka huu kimetajirisha jirani. Maisha ya Visram hayatoi jibu la kazi gani ya kuchukua, lakini yanafundisha kuuliza vizuri.

Bei iliyopanda si sawa na kazi inayokua. Aliyeng'oa viazi mwaka 2024 ili apande kakao alifuata bei, na mti wa kakao unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Anayejifunza kukausha na kuchachusha kakao vizuri, kupima ubora, kutengeneza pikipiki na malori, kuandika hesabu za ushirika, kuhifadhi mboga zisioze au kujaza vizuri karatasi za forodha kule Kasindi, huyo anafuata kazi ambayo itahitajika bei ikipanda na bei ikishuka, maadamu kitu kinapita barabarani.

Kisha kuko swali la nani atakufundisha. Mshahara wa dola chache zaidi katika nyumba iliyosimama unaweza kuwa ghali, kama miaka mitano inapita bila kujifunza kitu. Lakini neno kukua lisimpofushe mtu. Kazi inayokua haraka kwa sababu inabeba dhahabu ya wenye silaha au mbao za mahali watu walipofukuzwa, inakua sawa vile pembe ya Bagamoyo ilivyokua. Walioifanya walipata mali, na nchi ya Maniema ililipa.

Swali la mwisho ndilo Visram mwenyewe alilikosa: siku mwenye kazi hayuko, kazi itasimama kwa nani? Butembo inajua butiki nyingi zilizofungwa wiki chache baada ya mazishi ya baba, kwa sababu mke na watoto hawakujua deni liko wapi. Daftari lililoandikwa vizuri, na mtoto wa kiume au wa kike aliyefundishwa mapema kulisoma, lingeweza kuokoa nyumba ya mtu aliyeona mbali kuliko wote wa wakati wake.